Wavinya Asiyelala Garini

Habari hii nimepewa na Fartun, mama anayeniletea maziwa ya ngamia hapa Pumwani. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, amekaa kwenye kigoda changu, chai mkononi. Jumatatu nikaenda mwenyewe kumwona huyo fundi aliyenisimulia habari zake, maana kuna mambo mtu akikuambia unasema ndiyo, ndiyo, lakini moyo unakataa mpaka macho yaone.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Wavinya amesimama langoni mwa nyumba moja ya Buruburu, mikono ndani ya koti la kazi la buluu. Gari jeupe liko uani, umande umefunika vioo vyote. Hajaligusa. Anatazama makopo manne yaliyopangwa barazani, yamepandwa maua.

"Hayo maua ni ya nani?" anauliza.

"Ya mke wangu," anajibu mwenye gari, Mzee Naftaly, karani mstaafu. "Umekuja kununua maua ama gari?"

"Nimekuja kusikiliza, mzee. Lakini maua nimeyapenda."

Anavuka ua, anaweka kiganja juu ya boneti. Ni baridi kama jiwe. Hapo anaridhika. Kama ingekuwa na joto angegeuka aende zake, asidai hata nauli.

"Gari lililoamshwa kabla sijafika lina kitu linachonificha," husema.

Wavinya, ambaye wateja humwita Mama Mumo, ana miaka hamsini na mmoja. Kazi yake ni kusikiliza giaboksi za magari yaliyotumika kabla mtu hajatoa pesa zake. Kutengeneza amewaachia wengine. Yeye anasikiliza tu, mwaka wa kumi na tisa sasa, kutoka kibanda kidogo kando ya Barabara ya Jogoo. Gari moja ni shilingi elfu moja na mia tano. Wiki nzuri anapata magari manne. Wiki mbaya anakula kilichobaki cha wiki nzuri.

Gari la leo ni la aina ambayo jina lake la kiwandani silitaji. Mitaani kwetu linaitwa Nisukume. Ukisema umenunua Nisukume, watu wanakupa pole kama umefiwa. Ndani ya giaboksi yake hakuna meno kama ya magari mengine. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya vigurudumu viwili, na mkanda ukiharibika unanunua giaboksi nzima, ama unaliacha gari kuku walalie.

"Mimi mteja akiniuliza habari ya Nisukume namwambia anunue punda," anasema Mbuthia, fundi wa breki ambaye kibanda chake kimepakana na cha Wavinya. "Punda akigoma utamchapa. Hiyo utaichapa wapi?"

Fartun anayajua hayo yote, na bado ndiye mnunuzi. Maziwa yake hushuka kutoka kaskazini kwa basi, saa tisa usiku, naye huyasambaza kwa mkokoteni na pikipiki mpaka Buruburu. Februari iliyopita madumu sita yalimchachia njiani kwa siku moja. Yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja wana mchango wa zamu, na zamu yake imefika baada ya miaka mitatu. Amepata laki nne na nusu. Magari yasiyo na sifa mbaya yanaanzia laki saba.

"Zamu ni moja," aliniambia. "Nikikosea nangoja miaka mitatu mingine. Wateja hawangoji, mama. Maziwa hayangoji."

Mzee Naftaly naye hakuficha kitu. Tangu siku ya kwanza alimwambia wazi: anataka laki nne na nusu kwa sababu giaboksi imeanza kugonga. Ndiyo maana Fartun amemleta Wavinya, na maziwa ya leo amemwachia dada yake.

Wavinya anavua viatu. Anatoa zulia la chini, anakaa kiti cha nyuma, nyayo tupu juu ya bati.

"Nani anaendesha?"

Mzee Naftaly anampa Fartun ufunguo haraka. "Endesha wewe, binti yangu. Ulizoee."

Fartun anawasha, anakanyaga breki, anaweka gia ya mbele. Du. Gari lote linashtuka kama mtu aliyepigwa kofi la mgongo. Mzee, aliyekaa mbele, anafumba macho.

"Hiyo ndiyo," anasema. "Imeanza mwezi wa nne."

Wanateremka Barabara ya Jogoo, wanarudi, wanateremka tena, dakika arobaini, mpaka oili ishike moto. Mkanda wa Nisukume, anavyoeleza, haulalamiki ukiwa baridi. Hulalamika ukichemka.

"Nilikuwa namwangalia kwenye kioo," Fartun alinisimulia. "Hatazami njia. Vidole vya miguu vinacheza, mama, kama vya mtoto anayenyonya."

Kusikiliza huku hakujifunza gereji. Baba yake, Nzivo, alikuwa mchongaji vinyago kutoka Ukambani, na banda lake lilikuwa hapahapa nyuma ya Pumwani. Kabla ya kununua gogo alilipiga kwa kisigino cha tezo, kisha akaegemeza sikio. Gogo zima hujibu mara moja. Lenye ufa ndani hujibu mara mbili. Wavinya alikuwa na miaka saba alipoanza kusikia lile jibu la pili.

Kulikuwa na sharti katika kazi ile. Gogo liligongwa mbele ya watu wawili, muuzaji na mnunuzi, kila mmoja ameweka mkono juu yake, na mchongaji akasema alichosikia kwa sauti, wote wawili wasikie. Mzee Nzivo alifariki. Kipande cha mpingo alichoacha mezani, urefu wa mkono kutoka kiwikoni, ndicho binti yake anachotumia mpaka leo. Na sharti lile pia.

Wamerudi uani. Fartun anapanda rivasi kwenye mwinuko wa lango, mara tatu. Wavinya anafungua boneti, anavuta kijiti cha kupimia oili, anakipangusa kwa karatasi nyeupe, ananusa. Halafu anaweka ncha moja ya mpingo juu ya giaboksi, na nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio. Anafumba macho. Anakaa hivyo mpaka Mzee Naftaly anakohoa.

Anahamisha mpingo upande wa kulia.

"Weka gia," anamwambia Fartun. "Toa. Weka tena. Toa."

Anacheka kidogo, peke yake.

"Njooni muweke mikono."

Mzee anaweka mkono wake juu ya bodi ya gari. Fartun anaweka wake. Kwa mbali mtu anafagia.

"Giaboksi ni nzima," Wavinya anasema. "Inajibu mara moja. Mkanda hauna mkwaruzo hata mmoja. Kinachogonga ni raba inayoshika injini isicheze, upande wa kulia. Imekatika. Ni kazi ya saa mbili na shilingi elfu saba."

"Haiwezekani," anasema mzee. "Nisukume zote zimekufa. Hii ilibakije?"

Wavinya anaonyesha barazani. Makopo yenye maua ni makopo ya oili, ile oili halisi ya mkanda, ghali kushinda zote. Mzee amekuwa akiinunua kila mwaka bila kukosa, kwa kuwa kitabu cha gari kilisema hivyo na yeye ni karani. Mkewe akayaosha makopo, akapanda maua.

"Mafundi wetu wanaweka ile nyekundu ya magari mengine, kwa sababu ni rahisi," Wavinya anasema. "Mkanda unateleza, unajila. Hizi gari tumezizika wenyewe, mzee, halafu tukazitukana."

Fartun anasema alipoyasikia maneno hayo alihisi kama amemwagiwa maji ya barafu. Gari zima. Na mwenyewe amesikia. Laki sita na nusu mtu angetoa leo hiihii.

"Mama Mumo," akanong'ona, "si hilo ungeniambia kwa sikio?"

"Niliwahi kumwambia mtu kwa sikio," Wavinya akamjibu. "Mara moja."

Ni miaka kumi na miwili sasa. Mnunuzi alipewa siri kwamba gari ni zima, akamlilia muuzaji kwamba ni bovu, akalichukua kwa nusu ya bei. Muuzaji alikuwa mjane. Siku hizi anauza vitunguu katika Soko la Burma, na kila akimwona Wavinya anamwita kwa jina, anamwongezea kitunguu kimoja. Hajui lolote. Wavinya hununua akiangalia chini.

Mzee Naftaly ameondoa mkono wake garini. Ananyoosha kiganja. "Ufunguo."

Fartun anampa.

"Basi siuzi," mzee anasema. "Gari zima nitaliuza kwa nini?" Anaingia ndani, anafunga mlango.

Fartun anakaa kwenye ngazi ya baraza, kati ya maua. Wavinya anavaa viatu polepole. Hasemi habari ya malipo yake.

Mlango unafunguka tena. Anatoka mke wa mzee, Mbinya, kitambaa cha vyombo begani.

"Amesema hauzi?"

"Ndiyo, mama."

Mbinya anageuka, anaita kuelekea ndani bila kupaza sauti. "Baba Munyoki. Toka uwaambie hawa watu ulikuwa unauza kwa nini."

Mzee anatokea mlangoni. "Ilikuwa giaboksi."

"Giaboksi imesemwa, hata mimi jikoni nimesikia. Sasa sema ya macho."

Mzee anatafuta ukuta kwa mkono, anaegemea. Hapo ndipo Fartun anapokumbuka jinsi alivyopewa ufunguo haraka.

Ni presha ya macho. Daktari alimwambia mwezi wa tatu: cha mbele anakiona, cha pembeni kimeanza kuzimika, na asiguse usukani tena. Mzee aliendesha gari miaka thelathini na nne bila kugusa hata baiskeli ya mtu. Angewaambiaje majirani? Mwezi uliofuata gari likaanza kugonga, naye akashukuru.

"Ukisema Nisukume imeharibika hakuna anayekuuliza swali la pili," anasema. "Wote wanasema pole, tulijua."

Mbinya anapangusa jicho kwa kitambaa cha vyombo. "Nimeolewa na mtu anayesingizia gari," anasema, na wote wanne wanacheka, mzee akiwa wa mwisho.

Fartun anajua bei ya gari zima, na mzee anajua kwamba anajua.

"Nilikutajia laki nne na nusu," mzee anasema hatimaye, "na nilikutajia nikiwa na sababu ya uongo. Bei ibaki. Lakini kliniki yangu ni Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, na sitaki kupanda gari lingine."

"Nitakupeleka, mzee. Wallahi nitakupeleka."

"Na maziwa," anasema Mbinya.

"Na maziwa, mama."

Saa sita mchana raba mpya imefungwa. Mbuthia amekuja kuona, amezunguka gari mara mbili mikono nyuma, amerudi kibandani kwake bila kutaja punda.

Jumatatu nilipomtembelea Wavinya tuliongea juu ya benchi lake la mbao. Lori likapita barabarani. Akanyamaza, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Huyo hafiki Mombasa," akasema, akaendelea na alichokuwa anasema.

Alikuwa ananieleza mpango wake. Anataka kupita gereji zote za Jogoo, moja baada ya nyingine, na kopo la oili halisi mkononi, awaonyeshe mafundi. Anataka pia banda lenye paa, maana mvua ikipiga hasikii vizuri. Nikamuuliza, na wewe mwenyewe, kwa nafsi yako, unataka nini?

Akapangusa mpingo kwa upindo wa koti.

"Mimi siwezi kulala ndani ya gari, mama. Miaka kumi na tisa. Hata basi la kwenda nyumbani Krismasi, wote wamelala, mimi nasikia beringi. Natamani siku moja nipande gari nisilisikie." Halafu akatazama nyayo zake, akatabasamu kama mtu mwenye siri. "Na ilishatokea."

Ilitokea alasiri ya siku ileile ya Buruburu. Karatasi zimeandikwa, na Mzee Naftaly ameomba kulipanda gari mpaka Pumwani, aliage. Amekaa mbele. Wavinya yuko nyuma, viatu mkononi kama kawaida. Fartun anaweka gia. Gari linaondoka kama maji yanayomiminwa. Hakuna du.

Wanapofika mzunguko wa kwanza wa barabara, mzee amelala, kipaji cha uso juu ya kioo.

"Mama Mumo," Fartun anauliza, "sasa unasikia nini?"

Hajibiwi. Anadhani fundi anasikiliza bado, anamwacha. Anapita taa, anapita soko, na karibu na Shauri Moyo anauliza tena. Kimya. Anainua macho kwenye kioo.

Wavinya amelala. Kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi, mpingo wa baba yake mapajani. Vidole vya miguu, juu ya bati tupu, vimetulia.

Fartun anaendesha hatua moja moja, kama mtu aliyebeba mayai. Anafika Pumwani, anaegesha penye kivuli cha ukuta wa msikiti, anazima injini. Hafungui mlango, usije ukalia. Yeye mwenyewe, kwa mazoea ya maziwa, yuko macho tangu saa tisa usiku. Anasikiliza pumzi za wale wawili, moja mbele, moja nyuma, na anajiambia ataegemeza kichwa dakika moja tu, mpaka waamke.

Dakika ile haikuisha kabla na yeye hajalala.