Aliyekataa Kuambiwa Asubiri

Habari za kifo chake zilinifikia juzi nikiwa Iringa, na tangu hapo sijatulia. Wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa mfugaji aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akaishia kulima mpunga katika kijiji cha Ubaruku, ambako mimi nilikuwa mwalimu miaka ile ya sabini. Hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa amesimama.

Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alizaliwa na tumbo gumu lililojaa, mkojo ukimtoka matone matone. Hakumaliza wiki. Mimba ya pili ilipokuwa kubwa kwa miezi lakini ndogo kwa macho, alinitaka nifuatane naye na mkewe hospitalini Iringa, nimfafanulie maneno ya daktari. Tukapanda lori la mchele. Daktari alimpapasa mama, akasema anahofu maji yanayomzunguka mtoto ni machache. Huenda njia yake ya mkojo imeziba kama ya kaka yake.

"Kwani mtoto anakojoa humo ndani?" akauliza yule baba.

"Anakojoa. Maji yale mengi ni mkojo wake."

"Basi mzibueni sasa, daktari. Tunangoja nini?"

Wauguzi wakacheka. Daktari hakucheka. "Hatuna namna ya kumwona mle, ndugu yangu, wala ya kumfikia. Hatuwezi." Muuguzi mmoja akaongeza kwamba subira huvuta heri. Mwenzangu akatoka, akawa anazunguka uani mpaka mkewe akamwita dirishani: "Baba, njoo ukae. Unanichosha mimi ninayembeba."

Alizaliwa mvulana. Siku hiyohiyo wakampitishia mpira mwembamba, mkojo ukatoka, tukamshukuru Mungu. Aliishi, akatembea, akajua kuita ng'ombe kwa majina yao. Kisha akaanza kuvimba uso na kukataa chakula. Daktari yuleyule akaeleza kuwa figo zilianza kuharibika kabla hajazaliwa. Tulipotoka kumzika, baba yake akaniambia, "Mwalimu, kumbe mwanangu alizaliwa amekwisha kuchelewa."

Miaka ikapita. Nikasoma kwamba ng'ambo madaktari wameweza kumpitishia mtoto mrija wa mkojo angali tumboni mwa mama. Nilimkuta yule baba katika soko la Mwanjelwa akiuza mchele, nikamweleza. Akaweka debe chini.

"Wanapona?"

"Baadhi. Wengine figo huwa zimekwisha kuharibika."

Kisha akaniomba nimwangalizie mchele, akaenda upande wa pili wa soko kumwambia mkewe.

Nimesikia wengi wakimwita msumbufu. Mimi nadhani tumezoea mno kuwagawia watu subira pale tunapokosa tiba, tukaiita busara. Daktari yule alimheshimu zaidi kwa neno moja, hatuwezi, kwa maana anayesema hivyo amekiri kuwa kazi bado ipo. Mwenye uchungu tumwambie ukweli kwamba hatuna tiba, kisha tuondoke tukaitafute.