Nyasi za Gombosuren

Tsevelmaa alikuwa na miaka kumi na tisa malori yalipoyashusha yale masanduku ya mbao bondeni kwetu. Ndani mlikuwa na takhi, farasi mwitu wenye rangi ya mchanga, ambao bibi yake aliwajua kwa kusimuliwa tu. Nyikani walikuwa wamekwisha. Hawa walizaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya. Wazee walilia. Tsevelmaa aliomba kazi ya kuwalinda, na mpaka leo, miaka thelathini baadaye, anaifanya.

Katika miaka hiyo ikaja ile baridi mbaya. Mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda, ardhi yote ikawa kama kioo. Farasi hawakuweza kuchimbua nyasi kwa kwato. Kondoo walikufa wamesimama. Kundi la takhi dume mmoja anayeitwa Manlai, kumi na mmoja kwa jumla, lilipotea. Tsevelmaa alilitafuta siku kumi na saba.

"Dada, tuandike wamekufa," mwenzake Choijil alimwambia kwenye redio.

"Mizoga umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi weka kalamu chini."

Palibaki mahali pamoja, kambi ya mfugaji mzee Gombosuren, ng'ambo ya mlima. Tsevelmaa na mzee huyo hawakupatana. Manlai aliwahi kumng'ata farasi dume wa Gombosuren na kuondoka na majike wake wawili, na mzee akaapa kwamba takhi akikanyaga tena kwake atakula risasi. Tsevelmaa alipanda mlima akijua huenda anakwenda kuonyeshwa ngozi.

"Shikeni mbwa!" akaita alipofika, kama tunavyobisha hodi.

Gombosuren akatoka hemani, uso umekunjamana. "Leo ndiyo unakuja? Wiki mbili nakulishia watu wako!"

"Watu gani, baba?"

"Wale wezi. Pita nyuma ya zizi."

Walikuwa pale, wamejikinga upepo kwenye ukuta wa mawe, mbavu nje, midomo imejaa nyasi kavu. Manlai akainua kichwa, akamkoromea. Tsevelmaa akahesabu. Kumi. Akahesabu tena.

"Jike mzee alikufa siku ya pili," Gombosuren akasema kwa sauti ya chini. "Nimemfunika mawe, mbwa wasimguse."

"Ulisema utawapiga risasi."

"Bunduki niliishika." Akatazama pembeni. "Lakini ng'ombe wangu wamekufa, mama. Wote. Nyasi zimejaa ghalani na hakuna wa kuzila. Nilikuwa naamka, naziangalia tu. Halafu wakashuka hawa."

Tsevelmaa akakaa palepale kwenye theluji. Alicheka, machozi yakimgandia mashavuni, na mzee akamkemea: "Inuka, utaganda, halafu nikufunike mawe na wewe! Njoo unywe chai."

Chai ilikuwa na chumvi nyingi na maziwa kidogo mno. Akanywa bakuli tatu, kisha akashika redio.

"Choijil, andika kumi."

"Kumi waliokufa?"

"Walio hai, mjinga wee!"

Majira ya kuchipua Tsevelmaa alimpelekea mzee ng'ombe jike mwenye mimba kutoka zizi lake mwenyewe. Katika kundi la Manlai walizaliwa watoto watatu. Gombosuren bado anamwita Manlai mwizi, ila siku hizi huwauliza wapita njia kama wamemwona.