Hadeda Hawapendi Kelele

Juzi hadeda, yule ndege wa Johannesburg mwenye mdomo mrefu uliopinda, alitua uani kwangu, nami nikajikuta nimenyamaza.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni, baba aliponifuata shuleni mapema. Mtaa wetu wa Berea wote ulinuka matairi yaliyochomwa. "Leo tunakwenda kwa miguu, tutazame hadeda," alisema. "Lakini usitamke neno, mwanangu. Ukisema wataruka."

Tulikatiza bustanini. Mkono wake ulilowa jasho. Nilidhani ni joto. Kumbe kimya kile kilikuwa cha kuficha Kiswahili chetu, kwani siku zile wageni walishambuliwa mitaani.

Karibu na geti walisimama wanaume wenye fimbo, na mbele yao hadeda watatu wakichokoa nyasi. Nikajisahau. "Baba, watazame wale!"

Wanaume wote wakageuka. Mmoja akauliza kwa Kizulu tunatoka wapi. Baba, msalimiaji wa kila mtu, hakufungua mdomo. Ghafla hadeda wakaruka kwa mayowe, haa-haa, juu ya vichwa vyao. Wanaume walipoinua macho, baba akanibeba, akakimbia.

Nyumbani alifunga mlango kwa kufuli, akauegemea.

"Nisamehe baba," nikalia, "nimewafukuza ndege."

"Hukuwafukuza," alisema, akihema. "Wametusindikiza."