Mashine Iliyomrudisha Mama Vidole Mlangoni

Mmenisumbua vya kutosha. Kila anayekuja kuchapisha karatasi zake hapa kwa mdogo wangu ananiinamia sikioni: "Bibi, tuandikie habari za Mama Vidole, mwenyewe hasemi." Hasemi kwa sababu hana haja. Na mimi sina haja, ila nikiwaachia mtaeneza uongo, maana nimeshamsikia mmoja wenu akisimulia kwamba mashine ilifunguka yenyewe. Haikufunguka yenyewe. Nilikuwepo, nimekalia kiti kile kile kinachoyumba, na nitasema nilichokiona. Herufi nimezijua ukubwani, kwenye vitufe vya mashine hiyo hiyo, na naandika kama mtu anayepalilia, polepole, mgongo ukiuma. Asiyependa mwendo wangu ashuke.

Mama Vidole ni mdogo wangu, tumbo moja. Jina alipewa na wateja kwa sababu ya vile vidole. Anachapa huku anakutazama wewe usoni, anakuuliza hali ya watoto, na chini mikono inakwenda kama haina mwenyewe. Alianzia kwenye mashine za taipu, ofisi moja kubwa, chumba cha wanawake watupu na kelele kama mvua juu ya bati. Ofisi ilipofunga chumba kile, wenzake walirudi makwao. Yeye akaja mtaani, akaweka meza kwenye chumba cha mbele, akaandika mlangoni kwamba anachapa barua na anafundisha kuchapa.

Aliolewa watu wameshakata tamaa naye. Mume alikuwa fundi, wa redio kwanza, baadaye wa kompyuta. Tulimwita Bwana Ngoja, kwa sababu ukimpelekea chochote, hata chai, atasema, "Ngoja kwanza." Hata kuoa alingoja. Lakini akishashika kitu, hakiachi nusu. Mashine ya mke wake aliiunga kwa vipande vilivyotupwa na watu, na ubavu mmoja hauna bati mpaka leo, matumbo yote nje. Kwa kuwa ilikuwa kuukuu, aliiwekea mfumo mwepesi. Ukiiwasha, kioo kinakuwa cheusi. Unaandika jina lako, unaandika neno la siri, kisha unaandika amri, ndipo inakuja sura yenye picha na vidirisha vya kufanyia kazi.

Ndani yake aligawa vyumba. Chumba cha mke wake, chumba chake mwenyewe, na juu ya wote yuko mmoja anaitwa mkuu, mwenye ruhusa ya kuingia popote na kuvunja chochote. Shemeji alikuwa na msemo wake hapo. "Mkuu haingii kazini. Mkuu anaingia kutengeneza, akimaliza anatoka." Alimwambia mke wake hivyo mpaka mimi niliyekuwa nakuja kuomba chumvi tu nikaukariri.

Kisha akaugua kifua. Kitanda kikahamishiwa chumba cha mbele, karibu na dirisha la nondo, apate hewa na aone watu. Asubuhi moja sura ya picha ikakataa kumfungukia mdogo wangu, na mlangoni mteja anasubiri. Jambo dogo, la kuichunguza mashine taratibu. Siku hiyo Bwana Ngoja hakungoja. "Lete hiyo kibodi," alisema. Akawekewa mapajani, mto mgongoni, akaingia kwa neno la mkuu humo humo chumbani mwa mke wake, sura ikafunguka. "Haya, fanya kazi."

Tangu hapo kila asubuhi alimfungulia yeye. Mdogo wangu angeweza kujaribu mwenyewe. Hakujaribu. Mwanamume yule hakuweza tena kunyanyua birika, na kile ndicho kilichobaki mkononi mwake. Anabonyeza, anabonyeza, kisha anamrudishia kibodi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto mchanga kwa mama yake. Karibu na mwisho, sauti ilipokwisha kukauka, alishika kiganja cha mke wake akamwandikia humo kwa kidole lile neno la mkuu, herufi moja moja. Mimi nilikuwa nimekaa mguuni mwa kitanda. Niligeuza uso.

Tulimzika. Waliokuja kutuliza wakaondoka, na mdogo wangu akaondoa kitambaa kilichofunika mashine, akaiwasha. Jina ikakubali. Neno la siri ikakubali. Akaandika amri ya kuleta picha. Kioo kikapepesa, kikawa rangi ya majivu, kikamrudisha kwenye weusi na mistari ya maneno.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inasema sina ruhusa."

"Kwako mwenyewe?"

"Kwangu mwenyewe, dada."

Kama ni hilo tu tungelivumilia. Lakini marehemu alikuwa na kaka, mwuza mbao, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia wapagazi. Kwenye kikao cha ukoo akasema mbele ya wote, "Shemeji, usinielewe vibaya. Mashine ni ya ndugu yangu. Kaiunga yeye, na sote tulikuwa tunamwona akiifungua yeye. Wewe ulikuwa unapokea tu. Kama ni yako, ifungue."

Baba mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba ile, akakuna ndevu. "Neno hilo si baya," akasema. "Jumamosi asubuhi tutakwenda pale. Aifungue mbele yetu, afanye kazi mbele yetu. Ikifunguka ni chombo chake, asiulizwe tena na mtu. Ikikataa, inaingia kwenye vitu vya marehemu, igawanywe."

"Igawanywe vipi?" nikauliza mimi. "Huyu achukue kioo, yule achukue waya?"

"Bibi, tuko kikaoni."

"Nakuona, baba. Nauliza waya."

Nilicheka njiani, nyumbani sikucheka. Mwanamke yule hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto. Alikuwa na mikono ile na mahali pa kuiweka. Nikamwambia, "Neno la mkuu unalo kiganjani. Ingia nalo, watu waone picha, waende zao." Akakataa. "Nikiingia kwa mkuu nitakuwa mgeni tu humo ndani, na shemeji atakuwa amesema kweli." Tunafanana kwa ukaidi, ila wa kwake hauna kelele.

Jumamosi wakaja. Mwuza mbao alikuja na kamba, ile ya kufungia mbao, kaizungusha begani. Baba mkubwa alipewa kiti kizima. Na mdogo wangu alikuwa amemwita mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mtu mzima sasa, fundi wa kompyuta za ofisi. Fundi yule alisalimia, akasimama nyuma ya kiti cha mwalimu wake, akafunga mikono mgongoni.

"Hukai?" Baba mkubwa akamuuliza.

"Nitasimama, mzee. Na sigusi. Nikigusa mimi, mtasema fundi ndiye kafungua."

Mashine ikawashwa. Ikamrudisha, kama siku zote. Fundi akasema taratibu, "Mwalimu, usipigane nayo. Iambie ikuonyeshe vilivyomo chumbani mwako, na kila kimoja kina jina la nani."

Vidole vikaenda. Mistari ikashuka. Mdogo wangu akaisoma kwa sauti. "Barua za wateja, zangu. Mafunzo, yangu. Hii ya mkuu. Hii ya mkuu. Na hii." Akarudi juu, akasoma tarehe. "Zote za mkuu ni za tangu alipolala hapa."

"Alikuwa anafungua akiwa mkuu, humu chumbani mwako?"

"Kila asubuhi."

"Basi ndiyo hiyo," fundi akasema, na sauti yake ilishuka, maana alimjua marehemu. "Kila alichokigusa kimeandikwa jina la mkuu. Sasa ukija wewe, mashine inataka kuandika kwenye faili zako za kufungulia, inakuta si zako. Haiulizi alikuwa nani kwako."

Mwuza mbao akapiga paja. "Si nilisema? Vimeandikwa ndugu yangu."

"Vimeandikwa mkuu, mzee. Ndugu yako ana chumba chake pale pembeni, kina jina lake."

"Basi afungue kwa huyo mkuu, twende, nina gari la mbao linanisubiri."

"Akileta picha kwa mkuu ataongeza jina lile lile. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia."

Mimi nilitazama dirishani, kulikuwa na kuku anapita.

Mdogo wangu akasema, kana kwamba anamjibu mtu aliyelala bado kwenye kile kitanda, "Mkuu anaingia kutengeneza, akimaliza anatoka." Akafungua kiganja cha kushoto juu ya meza, akakitazama, kisha akaandika lile neno. Herufi za siri hazionekani kwenye kioo, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu, ila mimi niliona kidole kimoja kikisita katikati. Akaamuru vyote vya chumbani mwake virudi kwenye jina lake. Akamtoa mkuu. Akaandika amri ya kuleta picha kwa jina lake mwenyewe.

Kioo kikapepesa. Majivu. Kisha weusi.

Mwuza mbao akasimama, akashusha kamba begani. Hakuwa na furaha usoni, nimtendee haki. Alikuwa kama mtu anayekwenda kubeba jeneza la pili.

"Kaa, shemeji," mdogo wangu akasema bila kugeuka. "Sijamaliza."

Fundi nyuma yake alikuwa amekaza midomo. Aliona kosa, naapa aliliona, lakini alishika vidole vyake mwenyewe nyuma ya mgongo mpaka vikabadilika rangi. Mdogo wangu akarudia kusoma amri aliyoiandika, kama anavyosoma kazi ya mwanafunzi kutafuta kosa. Mara akatikisa kichwa.

"Nimeamuru vinavyoonekana," akasema. "Vile ambavyo majina yake yanaanza na nukta vimejificha. Havitoki mpaka viitwe."

"Ndiyo, Mwalimu," fundi akasema, na hapo tu ndipo alipopumua.

Akaviita. Vikatoka, msururu mzima, kila kimoja na nukta mbele. Miongoni mwao kulikuwa na kifaili kimoja ambacho mashine hukisoma kabla ya kukubali kukuletea picha, ndicho kama cheti chako cha mlangoni. Kilikuwa na jina la mkuu.

"Sasa taja chumba chako chote, na kilichofichwa humo," fundi akasema. "Lakini usitoke nje ya chumba chako. Amri hiyo ukiipa nyumba nzima, mashine imekufa."

"Sitoki."

Akamwita mkuu tena, akavirudisha, akamtoa. Akaandika jina lake, neno lake. Kisha akaondoa mikono kwenye vitufe, akaifuta kwenye nguo, akairudisha. Akabonyeza.

Majivu yalikuja, yakakaa. Halafu ikaja buluu, na zile picha kubwa kubwa alizomwekea mume wake kwa ajili ya macho yake mabovu. Akafungua kazi ya mwisho. Ilikuwa barua ya mteja, imekatikia katikati ya sentensi, asubuhi ile mume wake alipozidiwa, aliponiita nije haraka. Sote tuliiona. Baba mkubwa akavua kofia.

"Tulisema afanye kazi mbele yetu," akasema. "Andika, mwanangu. Andika maneno ya kibao cha kaburi."

Mzee akasema, naye akachapa. Jina kamili la mume wake, la baba yake, mwaka wa kuzaliwa, mwaka huu. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona akichapa huku akitazama vitufe. Printa ikakohoa, karatasi ikatoka. Mwuza mbao aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma.

"Mbao nitatoa mimi," akasema. "Ngumu, ya ndani ya gogo." Akakunja karatasi akaitia mfuko wa shati. Alipofika mlangoni akageuka. "Na kile chumba cha ndugu yangu, humo ndani?"

"Kipo. Ruhusa ya kukiingia ninayo. Sijaingia."

Akaitika kwa kichwa. Kamba aliisahau juu ya kiti. Hadi leo tunaanikia nguo.

Chumba kile kipo bado na jina la mwenyewe, na mdogo wangu kila asubuhi anapita pembeni yake anaingia kwake. Mnaomwona mnadhani ni mwanamke wa kuchapa tu.

Hayo ndiyo mliyoyataka. Sasa nami nataka changu. Nyumbani kwako yuko mtu unayemfungulia kitu kila siku, kwa wema kabisa. Kesho mpe akifungue mwenyewe wewe ukiwa hai, na wewe simama nyuma yake, mikono mgongoni, hata akikosea. Ukishindwa kunyamaza, njoo uniambie. Na uje na kiti, hiki kinachoyumba ni changu.