Sare ya Bluu ya Safari ya Grumeti

Kwa miaka ishirini na mitatu mume wa Ursula aliondoka Nyasura kila Jumatatu alfajiri kwenda kutengeneza barabara ndani ya Hifadhi ya Serengeti, akarudi Jumamosi. Baltazar alianza kama kibarua, akawa mnyapara, katika kambi iliyokuwa karibu na Mto Grumeti. Akirudi alisimulia msitu unaoufuata mto kama ukanda, mbega wenye mikia myeupe, na uwanda ambao mvua zikikolea hugeuka ziwa na kumeza kazi yao ya miezi mitatu. Ursula alisikiliza huku akiparua sato. Geti la Ndabaka, la kuingilia hifadhini, liko kando ya barabara ya Mwanza, naye amelipita mara nyingi. Hajawahi kuingia.

Baltazar alifariki mwaka juzi. Ursula, au Mama Edwin kama anavyoitwa mtaani, ana miaka hamsini na minane na bado anakaanga samaki soko la Manyamanyama. Baada ya matanga alitaka kitu kimoja tu: auone mto ule. Peke yake asingeweza, gari la kukodi ni la kikundi. Akawashawishi akina mama kumi na wanane wa jumuiya yake ya kanisani. Walikubali kwenda Julai, udongo mweusi wa uwandani ukishakauka, kwa sharti ambalo hakuna aliyelitaja, kwa sababu hapa hakuna harusi, msiba wala safari inayokwenda bila hilo: sare.

Mwenyekiti wao, Eunice, alichagua kitenge cha bluu, rangi ya Bikira Maria. Shingoni na mikononi aliagiza utepe mweusi, kwa heshima ya marehemu. Ursula alipoambiwa alilia kidogo, akashukuru.

Wiki mbili kabla ya safari nguo zilifika kutoka kwa fundi, zikagawiwa uani kwa Ursula. Siku hiyo shemeji yake Mugeta, mfugaji wa Butiama, alikuwa amekuja kumsalimia. Aliwatazama akina mama wakijigeuzageuza ndani ya nguo mpya, akaweka chini kikombe cha uji.

"Shemeji, mnaenda kutembea au kutega mbung'o?"

"Una maana gani?"

"Ile mitego ya vitambaa wanayotundikaga porini, ni rangi gani? Bluu na nyeusi. Mbung'o akiiona anakuja mwenyewe. Ninyi mtakuwa mitego kumi na tisa yenye miguu."

Wachache walicheka. Eunice hakucheka.

"Baba, wewe ni mtu wa ng'ombe. Hii ni sare, na imeshashonwa. Asiyeitaka ajitoe. Wakijitoa wengi, safari haipo."

Wote walimgeukia Ursula. Akinyamaza, gari litaondoka. Akimuunga mkono shemeji yake, huenda asiuone mto ule maisha yake yote. Aliingia ndani, akatoka na shati la bluu lililokunjwa. Mikunjo ilikuwa imepauka, lakini kola ilikuwa bado mpya.

"Hili nilimshonea mwenyewe, mwaka wa kwanza aliopata kazi," alisema. "Nikamwambia avae kambini. Hakulivaa hata siku moja. Kila nikimuuliza alikuwa anasemaga huko kuna vumbi. Nilinuna. Nilijua anaona haya wenzake waone ushoni wangu. Nguo zake za kazi nimezifua miaka yote ile, zote rangi ya udongo, na sikujiuliza kwa nini."

Alilikunjua shati, akamgeukia Eunice.

"Hakutaka kuniambia nimekosea. Mimi nawaambia ninyi."

Eunice alivuta utepe mweusi wa mkono wake, akauachia.

"Sasa tuvae nini? Magunia?"

"Rangi ya gunia ndiyo yenyewe," alisema Mugeta.

Safari hii alicheka hata mwenyekiti, bila kupenda. Kisha akatoa uamuzi. Sare itavaliwa kanisani wakati wa kuombewa, na picha zipigwe hapohapo. Baada ya hapo kila mmoja avae gauni la rangi ya udongo. "Na nisimuone mtu na kilemba cheusi." Aliuliza nani anajitoa. Hakuna mkono ulionyooshwa.

Alifungua daftari la majina apange viti.

"Mama Edwin akae dirishani, upande wa mto."

"Mto unapindapinda," alisema Mugeta. "Mara uko kulia, mara kushoto."

"Wewe umejuaje? Ulikuwa unachungiaga ng'ombe humo hifadhini?"

"Mwenyekiti, hilo swali usiniulize mbele za watu."

"Nipeni kiti chochote," alisema Ursula. "Gari liende tu."

Eunice hakumsikiliza. Aliandika kwamba Mama Edwin atakaa dirishani, na mama wa dirisha la upande wa pili ampishe kila mto utakapohama.