Daftari la Shangazi

Kituo kizima cha polisi kilimwita Shangazi, hata waliomzidi cheo. Alikuwa sajenti mtunza ghala la silaha, mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe mezani. Ukitaka kicheko hicho kikauke, mrudishie bunduki iliyopungukiwa risasi moja.

Hapo daftari lilifunguliwa. Umempiga nani? Alikuwa anakuja au anakimbia? Ulimwonya kwa maneno gani? Unaandika mwenyewe, umesimama, na ukiandika "katika purukushani" anakurudishia kalamu.

"Purukushani ndiyo nani, mwanangu? Ina miguu?"

Askari walimchukia kwa dakika hizo ishirini, wakampenda siku nzima iliyobaki.

Hakuanza hivyo. Akiwa mgeni kazini aliamriwa aandike "imepotea" mbele ya risasi moja, naye akaandika. Kesho yake akasikia muuza maji mmoja aliyepigwa risasi amezikwa, na hakuna aliyeulizwa lolote. Aibu ile haijamtoka mpaka leo. Wiki hiyohiyo akanunua daftari.

Sasa akaja mkuu mpya wa kituo, mtu wa haraka haraka. "Shangazi, unawatia vijana woga. Jumatatu hilo daftari liondoke. Fomu inatosha." Fomu yenyewe ilikuwa na neno moja tu la kuwekea alama: imetumika. Shangazi akapiga saluti, akarudi ghalani, akalia kidogo, akala mkate wake, akaendelea na kazi.

Ijumaa mchana akaingia konstebo waliyemwita Twiga kwa urefu wake, anahema, suruali imechanika kuanzia goti hadi pasipotajika.

"Risasi tano, Shangazi. Zote zimerudi."

"Na suruali?"

"Ukuta. Kuta mbili."

Akasimulia. Mtu alitoka duka la dawa mbio, mfuko kifuani, watu wakapiga kelele za mwizi. "Nikamlenga mgongoni. Kidole kilikuwa palepale. Mara nikajiona nimesimama hapa, unaniuliza alikuwa anakuja au anakimbia. Anakimbia! Ningeandika nini? Nikaona heri nikimbie na mimi."

Alipomkamata, mfukoni mlikuwa na dawa na glavu alizoagizwa na mkunga, pamoja na risiti. Basi wakatimua mbio wote wawili mpaka hospitali. "Mtoto wa kike, Shangazi! Nimemshika kabla ya bibi yake!"

Shangazi alicheka, vikombe vikaitika. Kisha akampa kalamu aandike hata hizo zilizorudi, maana sheria ni sheria.

Jumatatu asubuhi alilipeleka daftari kwa mkuu kama alivyoamriwa, moyo mzito. Akamkuta yule mtu wa mfuko, baba wa mtoto, mezani, amekuja kushukuru, na mkuu amembeba mtoto kama mtu aliyeshikishwa bakuli la uji wa moto.

"Ndilo hilo daftari alilonisimulia yule askari?" baba aliuliza. "Naomba nione ukurasa wangu."

Shangazi akaufungua. Zilizotoka: tano. Zilizorudi: tano. Yule baba akaweka kidole juu ya ile tano ya pili. Halafu akaanza kucheka, machozi yanamtiririka, asijue afute lipi.

Mkuu alimtazama mtoto, akatazama daftari, akakohoa.

"Kurasa zimebaki ngapi, Shangazi?"

"Tisa, mkuu."

"Nunua jingine."

"Nilishanunua, mkuu. Jumamosi."