Kitambaa Chekundu cha Behewa la Mahindi

Siku ya kwanza kazini nilinusishwa sumu. Mkuu wa Ufukizaji katika bandari ya Tanga alifungua kopo kidogo, akalipitisha mbele yetu haraka, akasema, "Shikeni harufu hii. Samaki aliyeoza na kitunguu saumu. Ukiisikia, usiulize maswali, kimbia." Wenzangu, wanaume watupu, walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa binti wa Kwashemshi aliyeteremka mlimani na cheti chake cha kidato cha nne, na tangu dakika ile niliiogopa kazi yangu. Niliiogopa mpaka nikastaafu, na nadhani ndiyo maana ninyi wajukuu zangu mna bibi.

Kufukiza nafaka ni kuua wadudu kwa gesi. Unapanga vidonge katikati ya magunia, unafunga kila upenyo, vidonge vinakutana na unyevu wa hewa na kuanza kutoa gesi. Baada ya siku kadhaa unafungua, unaacha upepo upite mpaka gesi iishe, na mahindi yanaliwa bila shida. Hatari ipo hapo katikati, wakati mlango umefungwa.

Nilihamishiwa Korogwe mwaka wa ile njaa, vijiji vya Ujamaa vikiwa bado vipya na mvua imegoma. Mahindi ya njano yalikuja kwa meli, na bandari zikajaa. Hapo wakubwa wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wakafanya jambo ambalo leo mngeliona dogo: walikubaliana kusaidiana. Bandari yenye nafasi ipokee meli ya mwenzake, mahindi yafukizwe ndani ya behewa yakiwa njiani ili siku zisipotee, na aliyeweka dawa afunge kitambaa chekundu kwenye komeo la mlango. Anayepokea ndiye atakayekifungua, akishahakikisha gesi imekwisha. Mahindi ya kupelekwa Handeni yalishushwa Korogwe, kisha yakapanda malori. Kwa hiyo uhai wangu, na wa makuli wa stesheni, uliwekwa mikononi mwa mtu wa Mombasa nisiyemjua hata sura. Hakuniangusha hata siku moja.

Miongoni mwa makuli hao alikuwamo mdogo wangu, Hoza. Kazi ile nilimtafutia mimi. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kubeba, na kila behewa likifunguliwa alitaka aingie wa kwanza.

Watu wa Handeni hawakusubiri malori. Walikuja kwa miguu, wakakaa nje ya uzio wa stesheni, wazee na kina mama wenye watoto waliochoka hata kulia, wakiyatazama mabehewa. Niliogopa kuwatazama. Mlinzi akaanza kuhofia wizi, na Bwana Msimamizi, mkubwa wangu pale, akatuita ofisini.

"Wakiuliza kile kitambaa, waambieni ni kago," alisema. Kago ni uganga wa kulinda mali, na hakuna Mzigua wala Msambaa asiyeujua.

"Kwa nini tusiseme ni sumu?" nikauliza.

"Ndugu Mariamu, haya mahindi wamekwisha kuyaita chakula cha ng'ombe. Ukitamka sumu, hawatakula, watakufa njaa na ghala limejaa. Kago wataliheshimu."

Niliona ana akili. Wala hatukukosea kwamba wangeliheshimu. Tulichosahau ni kwamba kago huwa lina wataalamu wa kulifungua.

Asubuhi moja nilikuwa ghala la chini nikipima hewa. Niliporudi stesheni niliona behewa lililofika jana yake liko wazi. Kitambaa hakipo. Makuli kwao kanuni ilikuwa moja: kitambaa kikiwapo usiguse, kisipokuwapo shusha. Upepo ulinielekea, na ule uvundo wa samaki ukanipiga usoni. Nilipiga kelele. Wawili waliokuwa mlangoni waliruka. Hoza alikuwa ndani kabisa, nyuma ya magunia, na alitoka taratibu akijipangusa jasho.

"Kuna nini, dada?"

"Hukusikia harufu?"

"Magunia ya bandarini yote yananuka."

Alikuwa anatabasamu. Ninyi mngefurahi, mngesema amepona. Mimi nilifundishwa kwamba gesi ile haina haraka. Nilimshika mkono tukaenda hospitali, yeye akinitania njiani kwamba namtembeza kama bwana harusi. Mchana akaanza kutapika. Kisha kifua kikambana. Daktari alifanya aliloweza, akaniambia dawa ya kuiondoa gesi ile mwilini haipo. Hoza alifariki kabla jua halijazama, akiniuliza kama mama ameshaambiwa.

Bwana Msimamizi alikuja msibani, akanivuta pembeni. Alikuwa analia kweli. "Sema ni malaria. Nakuomba. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya wale wa kwenye uzio."

Tulipomaliza kuzika, behewa lilikuwa limepigwa upepo, nikalipima mwenyewe mara mbili, nikapanda lori la kwanza kwenda nalo Kwaluguru, kijiji cha Handeni. Huko nikawaambia watu waliokusanyika ukweli wote: gesi, kitambaa, mdogo wangu. Nikawaambia sasa mahindi ni salama. Hakuna aliyesogea kwenye magunia. Kina mama waliwarudisha watoto nyuma.

Mzee mmoja, ambaye nilikuwa nimemwona kule kwenye uzio, akasimama. "Wewe utayala?"

"Nitayala, mzee. Nipeni maji na sufuria."

Wakasaga, wakasonga ugali, wakauweka mbele yangu juu ya mkeka. Vipimo nilivijua, na bado niliogopa. Nilimega tonge, nikalimeza. Watu wote walikuwa wananitazama mdomo. Yule mzee akainama karibu yangu, kama anayetaka kunipa maji, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kile kitambaa nilikifungua mimi. Nilidhani ni kago, na kufungua makago ndiyo kazi yangu. Hawa wajukuu zangu walikuwa wanakwisha. Sikuiba, nilitaka tu wawahi kushusha."

Mkono wangu ulikuwa tayari umerudi kwenye ugali. Nilitaka kuinuka. Nilitaka kumpigia ukelele wa kuita kijiji kizima. Lakini mbele yangu kulikuwa na watoto, na nikiacha kula wakati ule, hakuna ambaye angeamini kwamba ni huzuni. Wangesema sumu imenishika.

Baadaye wakubwa wa bandari zote tatu walikutana Korogwe. Wakakubaliana kitambaa kiende pamoja na kibao chenye maneno ya Kiswahili chepesi, na mlinzi awaeleze watu wazi kilichomo ndani. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, Korogwe, Tanga, kisha Korogwe tena, na sikuzika mtu mwingine. Sasa nimestaafu, nakaa Manundu, na vijana wa kazi hii huja kuniuliza siku gani ilikuwa ngumu kuliko zote. Wanadhani nitataja ile ya behewa.

Nawaambia ni kule Kwaluguru, nilipomega tonge la pili, nikamkaribisha mzee yule tule pamoja, naye akanawa.